Tufuate nyuki, tusifuate mizinga

Wahenga walituusia tufuate nyuki ili tule asali. Hawakutuambia tufuate mzinga. Msomaji anaweza kudhani kwamba huo ni mchezo wa maneno tu, na kwamba mtu anayelipwa mshahara kwa kuyachambua maneno hana budi kuutafuta mchezo huo kila aendako. Hata hivyo, yeyote aliyepita katika vijiji vya kaunti za Migori na Homa Bay katika miaka ya karibuni yamkini ameiona mizinga iliyopakwa rangi ya kupendeza, yenye jina la mfadhili ubavuni, imetundikwa kwa waya safi chini ya mwembe, na ndani yake hamna nyuki hata mmoja. Mna mijusi. Mna mchwa na utando wa buibui. Siku ya kukabidhiwa picha zilipigwa, hotuba zikatolewa, idadi ya mizinga ikaandikwa katika ripoti, na kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha.

Sina ugomvi na wanaogawa mizinga. Wengi wao wana nia njema, na mkulima mwenye ekari moja au mbili kule Ndhiwa au Uriri, ambaye miwa imemlipa kwa kuchelewa na mahindi yamemwishia ghalani kabla ya Mei, anahitaji kila shilingi ambayo shamba lake laweza kumpa. Asali yaweza kumpa shilingi hizo bila kumnyang'anya ardhi ya chakula. Ninachodai ni kwamba mzinga ndicho kitu rahisi kuliko vyote katika kazi hii, na ndiyo sababu unapendwa: unanunulika, unahesabika na unapigika picha. Maua hayakabidhiwi na mheshimiwa. Ujirani mwema hauna risiti. Nasi tumejenga mipango yetu juu ya kile kinachohesabika kwa urahisi, tukayaacha yale ambayo nyuki mwenyewe huyatazama kabla ya kuamua kuhamia au kuhama.

Niruhusiwe nianze na maneno, maana ndiyo riziki yangu. Kiswahili kina vitenzi vitatu vya kazi hii. Cha kwanza ni kutundika: mtu hutundika mzinga. Cha pili ni kurina: mtu hurina asali. Hivi viwili ni vya zamani na vina hekima yake. Anayetundika hungoja, hutayarisha nyumba, kisha humwachia mgeni uamuzi wa kuingia au kupita. Kitenzi cha tatu, kufuga, ndicho kilichotawala siku hizi katika ofisi na semina: ufugaji wa nyuki, mfugaji wa nyuki, chama cha wafugaji wa nyuki. Hilo tumeliazima kutoka zizini. Ng'ombe hufugwa kwa kuwa anafungika kamba, kuku kwa kuwa anafungiwa tunduni, na wote wawili hula wanacholetewa. Nyuki hafungiwi wala halishwi. Nyuki wa kwetu hasa, tofauti na nduguye wa Ulaya aliyezoea kukaa na watu kwa karne nyingi, ana tabia ya kuuacha mzinga pamoja na masega yake na kwenda zake pindi njaa, joto, siafu au usumbufu ukizidi. Hataagana na mtu. Mkulima ataamka asubuhi na kukuta kimya. Aliyeambiwa kwamba anafuga atadhani ameibiwa. Aliyejua kwamba ametundika ataanza kujiuliza mgeni wake alikosa nini.

Wajaluo wana njia nyingine ya kuliweka jambo hili. Kwao asali huitwa mor kich, yaani mafuta ya nyuki. Wakikuyu nao humwita nyuki njũkĩ na asali ũũkĩ, shina likiwa moja. Kiswahili kimeliazima neno asali kutoka Kiarabu, na kwa hiyo msemaji wetu aweza kuizungumzia asali kutwa nzima bila kumkumbuka mdudu aliyeitengeneza. Mjaluo hawezi: kila akiitaja asali humtaja nyuki papo hapo. Natamani kwamba maafisa wanaokuja na mipango yao kutoka Nairobi wangeanza kwa kujifunza maneno hayo mawili ya wenyeji.

Sasa tumfuate nyuki mwenyewe. Kila mwaka ninapowafundisha wanafunzi wapya tofauti iliyopo kati ya lugha ya binadamu na mawasiliano ya wanyama, silikwepi jina la Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyetumia miaka mingi kuuchunguza uchezaji wa nyuki, na ambaye mwaka 1973 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Frisch alionyesha kwamba nyuki akirudi mzingani kutoka kwenye maua mengi hucheza juu ya sega gizani, akienda mbele huku akitikisa tumbo, kisha huzunguka na kurudia. Mwelekeo wa uchezaji wake, ukilinganishwa na mstari wa wima, huwaambia wenzake waelekee upande gani ukilinganishwa na jua. Na kadiri anavyokawia kutikisika ndivyo mahali penyewe palivyo mbali. Wanaisimu tunalipenda jambo hili kwa sababu ni wanyama wachache mno wanaoweza kukisema kitu kisichokuwapo mbele ya macho yao. Mbwa hawezi kumweleza mbwa mwenzake habari za mfupa ulioko ng'ambo ya mto. Nyuki anaweza kueleza habari za mti uliochanua ng'ambo ya mto.

Na hapo ndipo lilipo somo la mkulima. Ujumbe ule wa nyuki aghalabu hauhusu shamba la mwenye mzinga. Nyuki huenda kutafuta chakula kilomita mbili au tatu kwa kawaida, na hali ikiwa ngumu huenda mbali zaidi. Chukua kilomita tatu peke yake na uchore duara kuuzunguka mzinga: utapata eneo la kilomita mraba 28 hivi, ambazo ni karibu ekari 7,000. Mwenye mzinga ana ekari mbili. Maana yake ni kwamba asali anayoiuza kama yake imetoka katika mashamba ya mamia ya jamaa, vichaka vya serikali, ua wa shule, kingo za mto na makaburi ya kanisa. Mahindi yangu ni yangu na maziwa ya ng'ombe wangu ni yangu, ila asali ni mazao ya kijiji kizima yanayokusanyiwa kwangu. Mtu hawezi kuyazalisha kwa namna itakayodumu huku amejifungia ndani ya mipaka yake, hata awe hodari namna gani.

Je, ndani ya duara hilo mna nini katika sehemu tunazozizungumzia? Hali si moja. Pembezoni mwa Awendo, ambako kiwanda cha sukari cha Nyanza Kusini kimewavuta watu katika kilimo cha miwa tangu miaka ya 1970, nyuki aweza kuruka kilomita nzima juu ya majani matupu, kwa kuwa muwa huvunwa bila kungojewa uchanue na hata ukichanua haumfai nyuki sana. Kuria na sehemu nyingine za Migori zililimwa tumbaku kwa miongo mingi, na tumbaku hula miti mara mbili: kwanza shamba hufyekwa, kisha kuni hukatwa za kuyakausha majani. Ukienda kando ya ziwa, Nyatike, Mbita na Karachuonyo, mvua ni haba na kiangazi cha Januari na Februari ni kikali. Kwa upande mwingine, bonde la Lambwe, lenye Mbuga ya Taifa ya Ruma, na vilima vya Gwassi bado vina vichaka na miti ya asili ambayo nyuki huijua vyema. Mpango mmoja wa mizinga kumi kwa kila kikundi, Awendo sawa na Lambwe, ni sawa na kugawa nyavu za samaki kwa watu wote bila kuuliza nani anaishi karibu na ziwa.

Ipo mimea ambayo mkulima anayo tayari bila kujua thamani yake. Ule mmea wa maua makubwa ya manjano unaoota kando ya barabara na kuzunguka mashamba kote Nyanza, ambao wataalamu huuita tithonia, Wajaluo wameuita maua makech, maua machungu. Wakulima wengi huukata na kuufukia kuwa mbolea, na wanafanya vyema, kwani majani yake yana rutuba nyingi. Lakini nyuki huufuata uchungu huo kwa bidii na kuufanya utamu. Kinachotakiwa ni kuukata kwa zamu, upande mmoja leo na mwingine baada ya maua kuanguka, badala ya kuuteketeza wote kwa siku moja. Kaliandra, ambayo wengi wameipanda kwa ajili ya chakula cha ng'ombe, nayo ni mti wa nyuki ikiachwa ichanue. Siala hutoa maua na pia nguzo za nyumba. Ukwaju, ambao Wajaluo huuita chwaa, huvumilia ukavu wa kando ya ziwa. Mwenye ekari mbili hana haja ya kutenga msitu. Mpaka wa shamba lake wenyewe, ukipandwa miti inayochanua kwa kupokezana miezi, unatosha kuwa mchango wake katika ekari zile 7,000.

Hapa nitoe dukuduku la kitaaluma. Majina ya mimea ni miongoni mwa mambo ya mwanzo kupotea jamii inapobadilisha lugha. Wasuba wa kisiwa cha Mfangano na vilima vya Gwassi wengi wao leo husema Kijaluo, na Kisuba kimebakia kwa wazee zaidi kuliko kwa vijana. Mzee anapoondoka na jina la mti, huondoka pia na habari za mwezi unaochanua, na nyuki wanaupenda au wanaupita. Habari hizo hakuna maabara iliyoziandika zote. Kalenda ya maua ya kila wadi ingeweza kukusanywa na wanafunzi wa shule za upili kwa gharama ya daftari na kalamu, na ingefaa kuliko mizinga mia.

Nije kwenye jambo linaloua. Kiswahili kimetufanya tuiite sumu dawa. Tunasema dawa ya wadudu kwa sauti ileile tunayosema dawa ya kikohozi, na mkulima huinyunyiza kwa moyo mkunjufu kama amponyaye mgonjwa. Nyuki naye ni mdudu. Jina la dawa halimtengi. Katika Kijaluo jambo lenyewe ni la ajabu zaidi, kwani neno yath lina maana ya mti na pia dawa. Mti unaomlisha nyuki na kinyunyizwacho kinachomwua huitwa kwa jina moja. Silaumu lugha, maana asili yake ni kwamba dawa zilitoka mitini. Nasema tu kwamba anayekuja kuwafundisha watu habari za sumu hana budi kujua anakanyaga wapi.

Zipo dawa za aina ya neonikotinoidi ambazo huingia ndani ya mmea wote, hadi katika chavua na maji matamu ya ua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya tatu kati ya hizo katika mashamba ya wazi kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Nyuki aliyeguswa na dozi ndogo huenda asife papo hapo. Husahau njia ya kurudi nyumbani, na mzinga hupungua watu siku baada ya siku bila mzoga kuonekana mlangoni. Mwenye mzinga husema nyuki wamehama. Wengine wamehama kweli. Wengine wamepotea njiani, na jirani aliyenyunyiza nyanya zake saa nne asubuhi, wakati nyuki wako kazini, wala hajui kwamba alifanya jambo lolote. Chupa yenyewe pengine ameinunua kwa vipimo vidogo vidogo sokoni, imemiminwa katika chupa ya soda, na maelezo yote yamebaki dukani.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba mwalimu wa chuo kikuu hana viwavijeshi shambani. Ni jibu la haki. Viwavi hao wa kutoka Marekani waliingia Kenya mwaka 2017 na wakayala mahindi ya watu mbele ya macho yao, na mtu mwenye watoto sita hatangoja shauri la mpenda nyuki. Asinyunyize? Anyunyize ikimlazimu. Lakini zipo saa. Nyuki huwa mzingani jioni jua likishatua, na dawa nyingi zikinyunyizwa wakati huo hupunguza ukali kabla ya asubuhi, ingawa zile za kuingia ndani ya mmea hazina saa njema. Yapo pia majira: mahindi machanga hayana kitu kwa nyuki, lakini yakitoa mbelewele nyuki huja kuchukua chavua, na hapo sumu ya juu ya mmea humpata moja kwa moja.

Tena lipo jibu lililotoka papo hapo Homa Bay. Katika kituo cha Mbita, kando ya ziwa, watafiti wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, walikuza pamoja na wenzao wa Kenya na Uingereza njia ya kupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia au ya brakiaria kulizunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza vipepeo wa vipekecha shina, na nyasi za pembeni huwavuta watage huko. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoichochea mbegu ya kayongo, lile gugu la zambarau linalofyonza mahindi, iote kisha ife kwa kukosa mzizi wa kushika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba viwavijeshi nao walipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya namna hiyo. Ng'ombe hupata majani, udongo hupata naitrojeni, na bomba la sumu hupata mapumziko. Inasikitisha kwamba jambo lililozaliwa Mbita laweza kuwa limesikika katika mikutano ya Ulaya kuliko katika baraza la chifu kilomita 40 kutoka hapo.

Kuhusu mzinga wenyewe nitasema machache, kwa kuwa ndiyo sehemu iliyokwisha kusemwa sana. Mmarekani Lorenzo Langstroth alisajili mzinga wake wa fremu mwaka 1852, baada ya kutambua kwamba nyuki huiacha wazi nafasi ya karibu milimita tisa bila kuijaza. Ni mzinga mzuri, lakini unataka fremu zilizopimwa barabara na mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke. Kwa familia ndogo isiyo na mashine wala fundi, naona ule mzinga wa mbao wenye vipande vya juu, uliobuniwa hapa Kenya katika miaka ya 1970 kwa msaada wa wataalamu wa Kanada, unafaa zaidi. Seremala wa sokoni Rongo anaweza kuutengeneza. Hutundikwa kimo cha kiuno, na kwa hiyo mama mwenye nyumba hahitaji kupanda mti kama ilivyokuwa kwa magogo ya zamani, ambayo yalikuwa mali ya wanaume kwa sababu hiyohiyo. Aanze na miwili au mitatu. Mizinga 20 katika sehemu yenye maua ya kulisha mitano huleta njaa, na njaa huleta kuhama.

Wakati wa kurina ndipo tamaa hujulikana. Mchovya asali hachovyi mara moja, na mkono ukishaingia mzingani ni vigumu kuuondoa. Mrinaji mwenye akili huchukua masega yaliyofunikwa kwa nta, huyaacha yenye majana na chavua, na huwaachia nyuki akiba ya kiangazi. Akivichukua vyote Desemba, Februari hatakuwa na nyuki. Moto haufai, moshi mchache wa kinyesi kikavu cha ng'ombe unatosha. Sega ambalo halijafunikwa lina maji mengi bado, na viwango vya kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchacha, mnunuzi hurudi na chupa yake, na jina la kijiji huharibika. Kuichemsha ili ionekane nyepesi ni kuiharibu pia. Wala tusikimbilie kuleta malkia wa kigeni kwa kuwa wanasifiwa upole. Kupe wa varoa aliyeangamiza mizinga ya Ulaya na Marekani aligunduliwa Kenya mwaka 2009, na nyuki wetu wakali wameonekana kumstahimili bila kupewa dawa. Ukali huo tunaoulalamikia ni sehemu ya afya yao.

Ukali wenyewe ni jambo la majirani. Nimesikia visa vya mizinga kuchomwa usiku baada ya mbuzi au mtoto kuumwa, na sioni ajabu. Mtu ametundika mizinga karibu na njia ya kisimani, hakuuliza mtu, kisha anauza asali peke yake. Jirani anapata mwiba na hapati hata kijiko. Tukumbuke kwamba jirani huyo ndiye mwenye maua. Haki ingetaka kwamba kabla ya mzinga wa kwanza kutundikwa, wenye mashamba ya karibu waitwe, wakubaliane mahali, njia na ua wa kuwafanya nyuki waruke juu, wakubaliane pia kwamba atakayenyunyiza sumu atatoa habari jana yake, na kwamba mwenye asali atakumbuka nyumba zilizomlisha. Mapatano ya namna hiyo si mageni Nyanza. Watu waliojua kugawana malisho na kuchungiana ng'ombe kwa zamu hawahitaji mtaalamu wa kuwafundisha maana ya ujirani.

Wanahitaji mtaalamu anayesema nao kwa lugha wanayoifikiria. Semina nyingi za wakulima huendeshwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na washiriki hutikisa kichwa kwa adabu, hunywa chai na kutia sahihi. Mimi ni mtetezi wa Kiswahili kwa kazi na kwa imani, lakini bibi wa miaka 60 kule Gwassi haelewi neno mbochi, wala sioni kwa nini amtafute mwanawe amfasirie wakati Kijaluo kina maneno ya kutosha. Kiswahili kiwe daraja la Mjaluo na Mkuria wanapokutana sokoni Migori. Kisiwe ukuta mwingine juu ya ule wa Kiingereza.

Fursa ipo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohusika na afya na chakula yaliichagua Migori kuanzishia mpango wao wa kuwasaidia wakulima waachane na tumbaku, nao wakapewa mbegu za maharagwe yenye madini mengi na mahali pa kuyauza. Shamba lililotoka katika tumbaku ni shamba linalotafuta kazi mpya. Likitiwa alizeti pembeni, zao ambalo hufaidi sana nyuki wakilitembelea, na miti ya kuni ikapandwa tena mahali pa ile iliyochomwa, basi mizinga miwili itakuwa na sababu ya kuwapo. Vijana wanaoshuka katika mashimo ya dhahabu kule Macalder hawataitwa juu na asali peke yake, nisiwadanganye wasomaji. Chupa chache za asali kwa msimu hazishindani na ndoto ya dhahabu. Lakini zaweza kulipa karo ya muhula mmoja, na hizo hazihitaji zebaki.

Katiba ya mwaka 2010 imewataka viongozi wa kaunti wawashirikishe wananchi katika mambo ya fedha, na kabla ya kila mwaka mpya wa fedha kuanza Julai mikutano ya kutoa maoni juu ya bajeti hufanywa. Mkulima atakayehudhuria na kuona kifungu cha ununuzi wa mizinga na aulize maswali mawili. Mizinga iliyogawiwa mwaka juzi, ni mingapi yenye nyuki leo? Na kabla ya kuleta mingine, ni nani aliyekwenda kuyahesabu maua na kuzungumza na wanaonyunyiza? Ayaulize kwa Kijaluo akiwa Ndhiwa na kwa Kikuria akiwa Kehancha, na afisa amjibu kwa lugha ileile aliyoulizwa.